Taarifa zako zilizoko ofisi ya mtaa ni mali ya nani?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyasoma mazungumzo haya gazetini baada ya kutangazwa redioni, leo naomba tuanzie kituo cha mabasi cha Makambako. Nilikuwa nasafiri kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam. Basi likasimama kupakia abiria, nami nikanunua karanga za kukaanga kwa kijana aliyekuwa akizipitisha dirishani. Karanga zilifungwa kwenye karatasi iliyosokotwa mfano wa pembe, kama tulivyozoea. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi, maana mtu aliyezoea kusoma hasomi gazeti tu, husoma hata kifungashio. Kumbe ilikuwa ni orodha. Palikuwa na majina ya watu watatu, umri wao, idadi ya watoto wanaowalea, namba zao za simu, na pembeni kabisa safu yenye kichwa "Maelezo". Katika safu hiyo, mbele ya jina la mama mmoja wa miaka 41, mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu maneno mawili: mjane, mgonjwa.

Sehemu ya juu ya karatasi, ambako pengine paliandikwa jina la ofisi, ilikuwa imechanika. Kwa hiyo simsingizii mtu. Karatasi za namna hiyo husafiri mbali. Huuzwa kwa kilo, na inayofungia karanga Makambako inaweza kuwa imeandikwa popote pale nchini. Lakini nilijiuliza swali moja ambalo halijaniacha tangu siku ile. Mama huyu alipoketi mbele ya karani na kueleza kuwa mumewe amefariki na kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa, aliambiwa maneno yake yatakwenda wapi?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, na kwamba mwananchi wa Njombe ana matatizo makubwa zaidi: bei ya viazi, barabara ya kwenda shambani, ada ya mtoto. Naomba watu wa maoni hayo wanisikilize kwanza, kisha waamue.

Hebu tuhesabu serikali zetu za mitaa zinajua nini juu yetu. Mkoa wa Njombe, ambao ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una halmashauri sita: Mji wa Njombe, Mji wa Makambako, na zile za wilaya za Njombe, Ludewa, Makete na Wanging'ombe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 889,946 katika mkoa mzima. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hajaandikwa mahali. Mtoto akizaliwa huandikwa kliniki. Akianza shule huandikwa kwenye rejesta, pamoja na jina la mzazi na kazi ya mzazi. Ukihamia mtaa mpya, mwenyekiti hukuandika kwenye daftari la wakazi: umetoka wapi, unaishi na nani, unafanya shughuli gani. Ukitaka kitambulisho cha Taifa, dhamana mahakamani, mkopo benki au kazi ya ulinzi, unahitaji barua ya utambulisho, na barua hiyo hutoka kwa mwenyekiti huyo huyo na mtendaji wake. Ukifungua duka Makambako, unaomba leseni ya biashara. Ukilima mahindi au viazi na kutaka mbolea ya ruzuku, jina lako, simu yako na ukubwa wa shamba lako huandikwa kwa mtendaji wa kijiji. Ndivyo ilivyokuwa tangu ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/2023. Ukiwa katika kaya maskini, TASAF wanajua unakula mara ngapi kwa siku na nyumba yako imeezekwa kwa nini.

Na Makambako kuna kitabu kingine ambacho watu hawakifikirii. Mji ule uko njia panda. Anayekwenda Mbeya na Zambia anapita pale, anayekwenda Njombe na Songea anakunja pale, na reli ya TAZARA nayo inapita pale. Kwa hiyo nyumba za kulala wageni ni nyingi. Ukifika mapokezi usiku, umechoka, unapewa kitabu kikubwa chenye safu nyingi: jina, kabila, umetoka wapi, unakwenda wapi, unafanya kazi gani, saini. Afisa wa ushuru hukitazama ili ajue wageni walikuwa wangapi. Ni sawa. Lakini kuhesabu wageni hakuhitaji kabila la mtu, wala hakuhitaji kitabu hicho kukaa mezani kikiwa wazi, kila mgeni anayeandika akiwasoma waliomtangulia. Ndoa ngapi zimeingia matatani kwa sababu ya kitabu kile? Tuliache hilo.

Kusema kweli, desturi ya kuandikwa haikuanza jana. Sisi tuliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka uhaba wa bidhaa. Sukari, sabuni, unga, vyote viligawiwa kwa orodha, na orodha hiyo alikuwa nayo balozi wa nyumba kumi. Balozi alijua kaya yako ina midomo mingapi. Akisema una watoto sita, ulipata sukari ya watoto sita. Akikosea akaandika wanne, wawili walikunywa uji mkavu. Watu walimheshimu balozi, na wengine walimwogopa. Lakini daftari lake lilikuwa moja, lilikaa chini ya mto wake wa kulalia, na kama lilivuja basi lilivuja kwa mdomo wake mwenyewe, nanyi mlijua pa kwenda kumlaumu. Siku hizi kaunta buku la mtaa lipo, ila lina wenzake. Linapigwa picha kwa simu. Linachapwa kwenye kompyuta ya halmashauri. Orodha inatumwa kwenye kundi la simu la watendaji, na mmoja wao anaituma kwingine kwa nia njema kabisa. Baada ya siku tatu mwananchi anaanza kupokea ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii. Anashangaa, wamejuaje jina langu?

Sasa tuingie kwenye sheria, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Katiba yetu, katika ibara ya 16, imekwisha kusema kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Ibara hiyo iliingia pamoja na haki nyingine katika marekebisho ya mwaka 1984. Hata hivyo kwa miaka mingi haikuwa na miguu ya kutembelea, maana hapakuwa na sheria ya kueleza karani afanye nini na mwananchi adai wapi. Miguu ilipatikana mwaka 2022, Bunge lilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tarehe 3 Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ndiyo msimamizi.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: sheria hiyo haihusu makampuni ya simu na mabenki peke yake. Inahusu taasisi za umma pia, na halmashauri ni taasisi ya umma. Wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa wajisajili Tume na wawe na afisa anayeshughulikia ulinzi wa taarifa hizo. La pili, sheria inasema taarifa binafsi ni habari za mtu anayeweza kutambulika zilizohifadhiwa kwa namna yoyote ile. Naomba neno hilo, namna yoyote, tulitafune taratibu. Maana yake kaunta buku la mwenyekiti limo. Faili la kadibodi lililoliwa na panya limo. Picha ya orodha katika simu ya mtendaji imo. Asije mtu akakwambia kwamba sheria hii ni ya kompyuta na sisi hapa hatuna kompyuta.

Msikilizaji mmoja wa Njombe mjini aliniandikia barua fupi, na barua yake ndiyo hasa iliyonifanya nichague mada hii. Anasema alikwenda ofisi moja ya serikali akaomba kuona alivyoandikwa, kwa kuwa alihisi umri wake umekosewa. Akajibiwa: hizi ni nyaraka za Serikali, mwananchi haruhusiwi kuziona. Anauliza, je, ni kweli?

Jibu langu ni kwamba jalada ni la Serikali, lakini habari zako zilizomo ni zako, na sheria inakupa haki ya kuzijua. Una haki ya kuambiwa kama ofisi ina taarifa zako, ni zipi, zinatumika kwa kazi gani, na amepewa nani mwingine. Una haki ya kutaka kilichokosewa kisahihishwe, na kilichowekwa isivyo halali kifutwe. Una haki ya kupinga matumizi yatakayokudhuru. Ukipata hasara kwa sababu ofisi imevunja sheria hii, una haki ya kudai fidia. Yapo mambo yaliyotengwa, nayo yana maana yake: ukichunguzwa kwa wizi wa fedha za umma, huwezi kwenda kuomba jalada la uchunguzi kwa kisingizio cha taarifa binafsi. Usalama wa Taifa na ukwepaji wa kodi navyo vina njia yake. Lakini tarehe ya kuzaliwa ya fundi cherehani wa Njombe si siri ya Taifa.

Tena haki haianzi pale unapoomba kuona. Huanza karani anapofungua kalamu. Anapaswa kukwambia anakusanya habari hizo kwa kazi gani, na akizipata kwa kazi hiyo asizitumie kwa nyingine. Anapaswa kuuliza yale tu yanayohitajika. Fomu ya leseni ya genge la nyanya haina sababu ya kuuliza dini yako. Na kazi ikishakwisha, taarifa zisikae milele, wala zisiuzwe kwa kilo. Karatasi ya karanga ilivunja karibu kila moja ya kanuni hizi kwa mkupuo mmoja.

Sasa nifike mahali ambapo kwa Njombe jambo hili linauma kuliko mikoa mingine. Msikilizaji, nalisema bila kuzunguka. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini, asilimia 4.4 wanaishi na virusi. Mkoa wa Njombe ulikuwa juu kuliko yote, asilimia 12.7. Ni kama mtu mmoja kati ya kila wanane. Keti kwenye basi dogo la Njombe kwenda Makambako, tazama viti, uhesabu.

Watu hao wanatibiwa wapi? Wengi wao kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri. Maana yake ni kwamba mshika daftari mkubwa wa siri za afya za watu wa Njombe ni serikali yao ya mtaa. Muuguzi anajua. Mtunza kumbukumbu anajua. Na kwa kuwa mji wenyewe ni mdogo, mtunza kumbukumbu huyo ni mtoto wa jirani, anasali kanisa moja na wewe, na mama yake mnakutana naye sokoni. Mimi nimewaona watu wanaopanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, wakati zahanati ipo umbali wa kurusha jiwe kutoka nyumbani kwao. Nauli ile ni gharama ya kutoamini daftari. Na siku nauli inapokosekana, dawa hazichukuliwi. Hapo ndipo suala la taarifa binafsi linapogeuka kuwa suala la uhai wa mtu, na ndiyo maana nilikataa tangu mwanzo kuliita jambo la Ulaya.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kuweka wajibu wa siri kwa watoa huduma. Matokeo ya kipimo ni ya aliyepimwa, pamoja na wachache waliotajwa na sheria. Sheria mpya imeongeza uzito. Inaziita habari za afya taarifa nyeti, pamoja na habari za watoto, za fedha, za makosa ya jinai, za alama za vidole, za imani na itikadi, na inataka ulinzi wa juu zaidi kwa hizo. Lakini sheria haiwezi kusimama mlangoni mwa kila kliniki. Ninachosema kwa waheshimiwa madiwani wa Njombe na Makambako ni kwamba wapitapo kukagua ujenzi wa zahanati, wakihesabu matofali na mabati, waulize pia mambo matatu madogo. Je, kabati la mafaili lina kufuli, na ufunguo unakaa na nani? Je, mgonjwa huitwa kwa jina au kwa namba? Je, dirisha la dawa fulani limewekwa mahali ambapo kila apitaye njiani anajua waliopanga foleni pale wanafuata nini? Kuhamisha dirisha ni kazi ya fundi ya siku mbili.

Hata hivyo sitaki nionekane kama nasema kila kitu kifichwe. La hasha. Kuna orodha ambazo ni lazima zibandikwe ukutani, na mtu anayezificha kwa kisingizio cha faragha anatafuta mwanya wa kula. Chukua uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Mwezi Oktoba mwaka huo watu walijiandikisha mitaani, na majina yakabandikwa ili wakazi wayakague. Kama kuna marehemu au mtoto kwenye orodha, jirani ndiye atakayejua. Chukua tena ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni fedha ya umma, na umma una haki ya kujua kikundi gani kimepewa kiasi gani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatusaidia hapo. Jina la kikundi na kiasi cha fedha vibandikwe. Aina ya ulemavu wa kila mwanachama isibandikwe. Kutenganisha hayo mawili hakuhitaji shahada.

Lililo gumu zaidi ni la TASAF, na hapa nakiri kwamba mimi mwenyewe nimekuwa nikiyumba. Utaratibu wao ni kwamba kaya zinazopendekezwa husomwa kwenye mkutano wa hadhara, wananchi waseme kama kweli ni maskini. Upande mmoja ni utaratibu mzuri, maana bila huo shangazi wa mtendaji mwenye nyumba mbili angekuwa wa kwanza kuandikwa. Upande wa pili, bibi anasimamishwa mbele ya kijiji kizima ili umaskini wake upigiwe kura. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo. Bibi mmoja aliposikia jina lake alijifunika kanga usoni. Maoni yangu ni kwamba jina lisomwe, kwa sababu fedha ni ya wote, lakini sababu zisisomwe. Anayepinga apinge jina. Habari za maradhi, za mume aliyekimbia, za mtoto aliyezaliwa vipi, zibaki kwa waliozichukua.

Na iwapo kuna anayedhani kwamba orodha ni karatasi tu isiyo na madhara, atazame jirani zetu wa Rwanda. Wakoloni wa Kibelgiji walianza miaka ya 1930 kuandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu. Kwa miaka sitini ilikuwa ni safu moja tu kwenye kadi. Mwaka 1994 safu hiyo ilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na kilichofuata tunakijua. Serikali iliyokuja baadaye iliiondoa kwenye vitambulisho. Ulaya nako yalitokea. Mjini Amsterdam daftari la wakazi lilikuwa limepangwa vizuri mno, hadi dini ya kila mkazi. Wajerumani walipoivamia Uholanzi wakalitumia kuwasaka Wayahudi. Usiku wa Machi 27, 1943, wazalendo waliliingilia jengo la daftari hilo na kulitia moto ili kadi ziungue. Kumi na wawili kati yao walinyongewa haki na kupigwa risasi. Walioianzisha safu ya dini hawakuwa na nia ya kumwua mtu. Walikuwa makarani hodari. Ndiyo maana nikiona safu ya kabila kwenye kitabu cha wageni huiacha tupu, na hadi leo hakuna aliyenifukuza.

Wengine watauliza, sheria hii inauma kweli, au ni meno ya plastiki? Wenzetu wa Kenya walipitisha ya kwao mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wao aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Ya kwetu nayo inairuhusu Tume kutoza hadi shilingi milioni 100. Afisa anayevujisha taarifa kwa makusudi anaweza kufikishwa mahakamani, akatozwa faini au akafungwa. Mapungufu yapo. Mwaka 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vimeandikwa kwa maneno mapana mno, ikataka virekebishwe. Mimi nina lalamiko langu jingine: sheria imeandikwa kana kwamba kila ofisi ina afisa wa sheria na mashine ya kuchanachana karatasi. Mtendaji wa kata ana meza moja na kabati lisilofungika. Ukimtaka atunze siri za watu elfu kumi, mnunulie kufuli kwanza.

Basi mwananchi afanye nini? Hapa nataka niseme taratibu, na anayetaka achukue kalamu.

Usiende kugombana dirishani. Andika barua. Iandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa maana yeye ndiye mwenye dhamana ya ofisi zote zilizo chini yake, nakala umpe mtendaji wa mtaa au kijiji. Sema hivi: Mimi fulani, mkazi wa mtaa fulani, naomba kufahamishwa taarifa zangu binafsi mlizo nazo, mlizipata wapi, mnazitumia kwa kazi gani, na mmempa nani mwingine. Kama kuna kosa unalolijua, litaje na uambatishe uthibitisho, mathalani cheti cha kuzaliwa. Weka tarehe. Peleka nakala mbili, na ile yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Msikilizaji, mhuri huo ndio roho ya jambo zima. Barua isiyo na mhuri haikupokelewa, hata kama uliikabidhi mkononi mwa Mkurugenzi mwenyewe huku mkicheka.

Usipojibiwa, au ukijibiwa kwamba hizo ni nyaraka za Serikali, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na ile nakala yenye mhuri. Tume inatakiwa ichunguze ndani ya siku 90, ingawa muda huo unaweza kuongezwa. Huhitaji wakili kwa hatua hiyo.

Shemeji yangu, mkulima wa viazi, alifanya nusu ya hayo bila hata kuijua sheria. Msimu mmoja aliandikwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, lakini aliyeandika alikosea tarakimu moja ya namba ya simu. Ujumbe wenye namba yake ya kuchukulia mbolea ukaenda kwa mtu asiyemjua. Alikwenda ofisini mara nne. Kila mara aliambiwa mfumo haukubali kubadilishwa. Mara ya tano akaenda na barua, akadai igongwe mhuri. Yule karani aliitazama barua, akamtazama shemeji, akasema, "Baba, kaa kwanza." Namba ikasahihishwa siku ile ile. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza na viazi vilipandwa wiki tatu nyuma ya wenzake, na mavuno yakaonyesha. Tarakimu moja.

Kwa watendaji nina neno pia, maana najua wengi wananisikiliza, na wengi wanafanya kazi katika hali ngumu. Mwananchi akija na barua ya namna hii, si kwamba anakuchunguza wewe. Anatazama jina lake. Orodha ikishatumika, ichomwe au ichanwe vipande vidogo, na kuwe na mtu anayetia saini kwamba imechomwa. Na mwenyekiti wa mtaa anapomaliza muda wake, daftari la wakazi akabidhi kwa maandishi. Lisibaki kabatini nyumbani kwake, wajukuu wakalichorea magari.

Nimalizie safari yangu. Ile karatasi ya mama mjane sikupenda kuitupa. Nilishuka garini, nikaenda kwa mama lishe aliyekuwa akikaanga chipsi pembeni mwa kituo, nikaomba niitie kwenye jiko lake la mkaa. Kijana wa karanga alikuwa akinitazama. Akacheka, akanifuata.

"Mzee, usihangaike na hiyo moja. Hizo ninazo kilo mbili nzima."

Nikamwambia anionyeshe. Alikuwa nazo ndani ya mfuko wa rambo, zimekatwa vizuri robo robo, majina upande mmoja, upande wa pili weupe. Konda alikuwa akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Nilimlipa yule kijana, nikauchukua mfuko mzima, na kwa safari yote hadi Dar es Salaam ulikuwa chini ya miguu yangu. Jirani yangu kitini aliniuliza nimebeba nini.